Boti ya Kongo

Nereah analima mahali ambapo simu inaonyesha ziwa. Ukifungua ramani utaona doa la buluu kusini mwa Kibera, limeandikwa Nairobi Dam. Ukishuka kwa miguu kutoka Soweto West huoni buluu yoyote. Unaona gugumaji na matete yaliyoshikana hadi kwenye ukuta wa bwawa, na pembeni, penye udongo mweusi, vishamba vya watu vya sukuma wiki, migomba na nduma. Bonde lenyewe linaanzia huko magharibi, ambako asubuhi za Aprili, mvua ikiwa imepumzika, Milima ya Ngong huonekana wazi na mitambo ya upepo imesimama juu yake. Mto Motoine unateremka kutoka upande huo, unaingia Kibera, unapita chini ya vidaraja vya mbao, unapokea kila kitu ambacho watu wameamua hawakitaki tena, kisha unafika bwawani na kulala. Ukitokea ng'ambo ya ukuta unaitwa kwa jina lingine.

Nduma za Nereah hazikuwa zikinywa maji ya mto. Alizipanda kwenye chemchemi ndogo inayotoka ubavuni mwa bonde, juu kidogo ya bwawa, na alikuwa mwepesi wa kumweleza hivyo mnunuzi yeyote aliyekunja pua. Alikuwa mjane kutoka kando ya Ziwa Victoria, mwenye sura ya upole iliyomfanya mgeni asimshuku kwa lolote. Majirani walimjua. Yeye ndiye aliyewahi kumshawishi wakala wa mgombea mmoja kwamba ploti yao imejaa wapigakura wanaohitaji hema la mkutano. Hema lilipoletwa, mkutano haukuwepo, na binti wa jirani akafanyiwa harusi humo.

Mwanawe, Osewe, alikuwa fundi wa simu. Mwaka huo alikuwa amempata Lenah, msichana wa Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo. Baba yake Lenah alikuwa Wanzala, seremala wa vitanda na makabati, mtu wa Magharibi, mwenye sauti nene na mapenzi makubwa ya kueleza mambo. Alikuwa akieleza yale aliyoyajua, na alipoyamaliza aliendelea.

Familia ya mvulana ilipokwenda Kongo kujitambulisha, Nereah alibeba kikapu cha nduma, nyingine mbichi, nyingine amezichemsha alfajiri. Wageni walikaribishwa vizuri, wakaombewa, wakapewa chai. Wanzala akachukua kipande cha nduma, akakigeuzageuza kama mtu anayekagua mbao, akauliza zimelimwa wapi. Nereah akamwambia.

Wanzala akakirudisha kipande kwenye sahani.

"Mama Osewe," akasema, "sisi huku tuko juu, nyinyi mko chini. Sisi tukishaosha sufuria, maji yanateremka kwenu. Sasa unataka nirudi kula ukoko wa sufuria yangu mwenyewe?"

Nyumba nzima ikacheka. Nereah alicheka pia, akacheka kuliko wote, hata akajifuta macho kwa kona ya leso. Osewe hakucheka. Alikuwa anamjua mama yake.

Nereah alijibu kwa adabu kwamba maji ya bonde lao yanatoka Milima ya Ngong na hayaijui Kawangware. Wanzala akasema kila kitu cha Kawangware huishia Kibera, hata mabinti. Wakabishana hivyo kwa ucheshi hadi chai ikapoa, na mwisho wakawekeana sharti. Wanzala angetengeneza boti ndogo ya mbao na kuitia katika kijito cha Kongo siku ya mvua kubwa. Kama boti ingefika bwawani kabla ya familia yake kurudisha ziara, Nereah angesimama mbele ya watu siku ya harusi na kutangaza kwamba Kibera inaishi kwa mabaki ya Kawangware. Kama haingefika, Wanzala angekula sahani nzima ya nduma za bwawani, mbele ya watu, bila kukunja uso.

Boti ilikuwa tayari wiki hiyohiyo. Wanzala aliichonga kutoka kipande cha msaiprasi, urefu wa mkono hadi kiwiko, akaipiga msasa mpaka ikawa laini, akaipaka rangi nyekundu na kuandika ubavuni KONGO kwa herufi nyeupe. Picha yake ikatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia zote mbili, na watu wakaisifu. Mvua iliponyesha ya kuvunja matawi, picha nyingine ikafuata: Wanzala na koti la mvua, ameinama kijitoni, akiiachilia.

Hapo Nereah akaingiwa na wasiwasi. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuufuata mto ule kupita Kibera. Aliijua Milima ya Ngong kwa kuiona, na alikuwa amesema mto unatoka huko kwa sababu ndiko macho yake yalikokuwa yakiishia. Huenda seremala alisema kweli. Basi akaenda kwa rafiki yake Aluoch, ambaye alikuwa akikaanga na kuuza samaki karibu na kidaraja cha kwanza ambapo mto unaingia mtaani mwao, na juu ya kibanda chake alikuwa amening'iniza wavu wa zamani aliotoka nao Homa Bay. Nereah akamwomba autege wavu huo chini ya daraja. Boti ikija, isifike bwawani.

Aluoch akauliza kama huo si wizi.

Nereah akasema wao walikubaliana boti ifike bwawani, hawakusema kwamba njia iwe wazi.

Jioni ileile Aluoch akatuma ujumbe kwamba amenasa boti nyekundu. Nereah alishuka mbio, akaichukua na kuificha chini ya kitanda, huku moyo wake ukiwa mzito. Kumbe ni kweli, maji ya Kongo yalikuwa yanafika. Alilala akipanga maneno ya kusema siku ya harusi, namna ya kuyameza haraka ili yasisikike vizuri. Kesho yake, kabla ya saa sita, Aluoch akamwita tena. Kulikuwa na boti nyekundu ya pili.

Nereah alikaa kwenye kiti cha Aluoch akaziangalia zote mbili. Moja iliandikwa KONGO. Nyingine iliandikwa CONGO. Akaanza kutabasamu polepole, na Aluoch, aliyelijua tabasamu lile, akapunguza moto wa mafuta ili asikose kusikia.

Mambo yalikuwa hivi. Wanzala, pamoja na maelezo yake yote, hakuwa na hakika na kijito. Basi siku alipoichonga boti ya kwanza alichonga na pacha wake, akampa binamu yake Khaemba, mtu mrefu mtiifu aliyefanya kazi ya kupaka rangi nyumba pande za Jamhuri, ambako Motoine unapita. Khaemba aliambiwa aitie boti mtoni huko chini, asiseme neno, na hakusema.

Ya pili ilikuwa kazi ya Osewe. Kijana alikuwa akiogopa kwamba baba mkwe akishindwa na kuchekwa atakuwa mchungu, na uchungu huo utamwangukia yeye. Alikwenda kwa Marvin, rafiki yake anayeandika mabango ya maduka pale Makina, akamwonyesha picha kwenye simu, akamwomba amtengenezee boti kama ile. Marvin alikuwa na haraka, akaifuata rangi vizuri lakini jina akaliandika kama alivyozoea kuliandika mwenyewe. Osewe akaitupa boti mtoni asubuhi, akaenda kazini akiwa na amani.

Nereah hakuyajua haya bado. Alichokijua ni kwamba mtu anacheza, na kwamba kama watu wanacheza, basi hata yeye ana ruhusa. Akampigia Lenah simu, akamwomba amtembeze kule kwao siku moja, aone kijito. Lenah alikuwa msichana mwenye maneno machache na macho makali. Alikubali bila kuuliza sababu.

Wakakutana Kongo, wakakifuata kijito kwa kando, wakishika sketi zao, wakaruka mitaro, wakapita nyuma ya vibanda vya kuosha magari. Huko, katika nyasi za ng'ombe zilizoinamia maji, Lenah akasimama na kunyoosha kidole. Boti nyekundu ilikuwa imekwama, pua yake imevunjika, tope limeingia hadi nusu. Nereah akashuka mwenyewe kuichukua. Akalipangusa jina na kulisoma, KONGO, akampa Lenah aibebe.

"Mathe, ulijua iko hapa?" Lenah akauliza.

"Nilijua iko mahali," Nereah akasema. "Twende mbele."

Waliendelea hadi kijito kikapita chini ya barabara na kuelekea upande wa Lavington, kikaingia katikati ya kuta ndefu zenye nyaya juu. Hapo askari wa lango akawauliza wanatafuta nani, na Nereah akasema wanatafuta maji yao. Askari akawaambia warudi. Hawakuhitaji kwenda zaidi. Walikuwa wameshaona kwamba kijito kinazidi kuipa Kibera mgongo.

Wakarudi wakipanda hadi Dagoretti Corner. Nereah alisimama kando ya Ngong Road akihema, akaangalia nyuma, kisha akaangalia mbele. Nyuma yake ardhi ilikuwa ikiteremka kuelekea Kawangware. Mbele yake, ng'ambo ya magari, ilikuwa ikiteremka kuelekea Jamhuri na Kibera. Barabara ilikuwa imelala katikati, juu ya mgongo wa ardhi, kama mtu aliyelala kati ya watoto wawili wasipigane. Alikuwa amevuka pale mara nyingi na kamwe hakuwahi kufikiri kwamba anavuka mlima. Maji ya Kongo yangefikaje kwake? Yangepanda vipi?

Alifurahi kiasi kwamba alimnunulia Lenah mahindi ya kuchoma, wakala wakiwa wamesimama palepale. Kisha Lenah akamweleza jambo alilokuwa amelisikia nyumbani, kuhusu Khaemba na kifurushi alichopewa akaambiwa anyamaze. Na jambo la herufi C, Nereah alilimaliza mwenyewe. Alimjua kijana mmoja tu aliyekuwa na rafiki wa mabango.

Siku ya ziara, familia ya Wanzala ilishuka Soweto West saa sita mchana, wamevaa vizuri, Wanzala mbele, mkewe Annet nyuma yake, na Khaemba akibeba sukari na unga. Nereah aliwapokea kwa upole wake wote. Aluoch alikuwa mlangoni na jiko lake, akikaanga samaki wa wageni. Baada ya maombi na soda, Wanzala akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama kuna kitu kiliwahi kuokotwa huko chini.

Nereah akaingia chumbani akatoka na boti ya Khaemba. Akaiweka mezani.

Wanzala akaipokea kwa mikono miwili, akawageukia watu, akaanza. Akaeleza jinsi kijito cha Kongo kinavyokusanya maji ya mapaa, jinsi kinavyoshuka, jinsi kinavyopinda. Nereah alimsikiliza kwa heshima kubwa, kichwa kimeinama kidogo. Alipomaliza akamuuliza swali moja.

"Na pale Ngong Road, Baba Lenah, ilipita wapi? Kama sikosei pale kuna mwinuko."

"Kuna kalavati," Wanzala akasema. "Kalavati kubwa, iko chini kabisa. Watu wengi hawaijui."

"Kubwa sana," Khaemba akasema.

Nereah akashukuru kwa kuelimishwa. Akarudi chumbani, akatoka na boti ya pili, akaiweka kando ya ya kwanza. Wanzala akaichukua huku bado anatabasamu. Akasoma ubavuni. Tabasamu likabaki usoni lakini likawa halina kazi tena.

"Mimi siandiki hivi," akasema.

Kila mtu akatazama boti. Khaemba, ambaye alikuwa amekunywa soda yake akidhani mambo yamekwisha vizuri, akaona macho ya binamu yake yamemgeukia, akajitetea.

"Mimi nilitia moja tu."

Nje, samaki wakaendelea kuchemka kwenye mafuta. Kisha Annet, mkewe Wanzala, akainamisha uso kwenye viganja vyake na mabega yake yakaanza kutetemeka. Nereah akamuuliza Khaemba, kwa sauti ya chini ya mtu anayejali, alikuwa ameitia wapi hiyo moja. Khaemba akasema Jamhuri, kwa sababu hakujua kusema uongo, alijua tu kunyamaza. Osewe hakuweza kuvumilia zaidi.

"Hiyo ingine ni yangu, mzee," akasema akiangalia sakafu. "Nilitaka ushinde."

Lenah ndiye aliyemaliza. Alikuwa amekaa na mfuko wa plastiki miguuni tangu waingie. Akatoa boti ya tatu, ile iliyovunjika pua, yenye tope lililokauka kwenye mbao, akaiweka mbele ya baba yake na kumwambia alikoiokota na aliyekuwa naye. Akamweleza pia kijito kinakokwenda. Wanzala aliishika boti, akapitisha kidole gumba mahali msasa ulipopita.

"Hii ndiyo kazi ya mkono wangu," akasema.

Lakini seremala hakuwa mjinga. Alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu huangalia huku na huku akitafuta mwenzake. Akaziangalia boti mbili za uongo, ambazo hazikuwa na hata unyuzi wa gugumaji, akamgeukia Nereah.

"Na hizi mbili zilifika dam?"

"Zilifika Kibera," Nereah akasema.

"Nimeuliza dam, Mama Osewe."

Nereah akaanza kueleza kuhusu mawimbi ya mvua na tabia za mto, na angefika mbali, ila mlangoni Aluoch alikuwa ameanza kucheka. Alijaribu kukohoa akashindwa. Mwiko ukamponyoka. Wanzala akageuka kumtazama, akauona wavu nyuma yake, ambao Aluoch aliutoa mtoni asubuhi hiyo akaja nao, umening'inia ukutani kukauka, na katika matundu yake vipande vya rangi nyekundu.

Sijui nyumba nyingine ambayo watu wamecheka namna ile siku ya kutambulishana. Khaemba alicheka kwa kuchelewa, akiwa amepata maana ya wavu baada ya wengine, na hilo likawachekesha upya. Wanzala alicheka mwisho, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo. Akasema kwamba kwa kuwa pande zote zimedanganya, sharti limevunjika na hakuna deni.

Annet akafuta macho.

"Boti yenyewe haikufika," akamwambia mumewe. "Kula."

Nereah akaleta sahani. Wanzala alichukua kipande kidogo kuliko vyote, akakitafuna akiangalia dari. Akachukua kingine. Hakusema lolote kuhusu sufuria. Alisema tu, akiwa anamwambia Khaemba zaidi kuliko Nereah, kwamba nduma hizi zimekauka vizuri, zina unga, na si kila mtu anajua kuzichemsha hivi. Akaomba chai. Sahani ilipobaki na maganda, wazee wakakubaliana kwamba harusi itakuwa Agosti.

Baada ya chakula Wanzala akataka kuliona bwawa lenyewe. Wakashuka wote, wakapita kwenye migomba, wakafika ukingoni. Mvua ilikuwa imesafisha hewa na Ngong ilionekana yote, vilele vyake vinne vikiwa buluu, bonde likiwa limefunguka chini yake hadi miguuni mwao. Khaemba akauliza maji haya basi yanatoka wapi, kama hayatoki Kongo. Nereah akasema alikuwa akidhani yanatoka kule mlimani, lakini sasa hana hakika, na siku moja angependa kuyafuata aone. Wanzala akasema watakwenda pamoja, na akaanza kueleza njia.

Alikuwa akieleza huku anatembea kinyumenyume, mkono mmoja umeelekea magharibi. Mbele ya bwawa lile gugumaji limejaa sawasawa, kijani kizuri, na mtu asiyezoea huona uwanja. Wanzala akakanyaga uwanja.

"Baba Lenah, hapo ni maji," Nereah akasema.

Alizama hadi mapajani. Osewe na Khaemba walimvuta kila mmoja mkono wake, na tope likamwachilia kwa sauti ya busu refu. Suruali ya ziara ilikuwa imekwisha. Annet akamfungia leso ya Nereah kiunoni, yenye maua ya njano na korosho nyekundu, naye akakataa kusubiri nguo nyingine. Alisema giza litamkuta njiani. Walipita Makina watu wakitoka swala ya alasiri. Khaemba alitembea mbele sana, kama mtu asiyemjua yeyote kati yao. Mwenye duka mmoja akamwambia Wanzala kwamba rangi hiyo inampendeza, na Wanzala akamshukuru.

Jioni Osewe alimuuliza mama yake kwa nini alichelewa kumwonya mzee. Nereah alikuwa akiosha vyombo. Akasema hakuchelewa, alikuwa akisubiri amalize kueleza.